Umekaza, au umefunga tu? Nati za gurudumu na lugha ya karakana

Kauli ya kutendua katika Kiswahili ni rahisi kufundisha. Unachukua kitenzi, unakipa kiambishi -u-, na tendo linarudi lilikotoka: funga ikawa fungua, ziba ikawa zibua, kunja ikawa kunjua. Jozi za namna hii mara nyingi hazina katikati. Mlango umefungwa au umefunguliwa, basi.

Sasa chukua kitenzi kaza. Hakuna Mswahili anayesema "kazua". Kinyume cha kaza ni legeza, neno lenye mzizi mwingine kabisa, na jozi hii haina tabia ya mlango. Kamba inaweza kukazwa kidogo, ikakazwa zaidi, ikakazwa mpaka ikakatika. Inaweza pia kulegea kidogo bila ya kufunguka. Kwa hiyo funga na fungua huzungumzia hali mbili, ilhali kaza na legeza huzungumzia kiwango.

Naleta jambo hili kwa sababu nimelisikia likichanganywa mara nyingi mno pale ambapo kuchanganya ni hatari. Simama penye kibanda chochote cha pancha kando ya barabara kuu ya Mombasa, kuanzia Salama, Sultan Hamud na Emali hadi Makindu na Mtito Andei, au nenda Wote mjini, au Kitui karibu na stendi. Gurudumu limebadilishwa, jeki imeshushwa, na mazungumzo ni haya:

"Fundi, umekaza lakini?"

"Nimefunga zote, mkubwa. Twende."

Dereva ameuliza swali la kiwango, fundi amejibu kwa neno la hali. Wote wawili wameridhika, gari limeondoka. Kama nati zile zimefungwa lakini hazikukazwa inavyofaa, gurudumu linaweza kuchomoka mbele ya safari, na gurudumu lililochomoka kwenye mteremko halimtafuti aliyelifunga. Humfikia mama aliyepanga maembe yake kando ya lami, au mwanafunzi anayetoka shule.

Leo basi tuzungumze kuhusu nati. Wasomaji wa safu hii wamezoea kunisoma kuhusu viambishi na ngeli, nami naomba wanivumilie, kwa kuwa hili pia ni suala la lugha: tunakosa kulipima tendo hili vizuri kwa sababu hatuna desturi ya kulitaja vizuri.

Tuanze na tendo lenyewe. Watu wengi hudhani nati hukaa mahali pake kwa sababu imezungushwa hadi ikafika mwisho, kama kifuniko cha chupa. Sivyo. Nati inapogusa rimu na kuendelea kuzungushwa, haina tena pa kwenda, kwa hiyo inaivuta bolti. Bolti ya chuma hurefuka kidogo sana, kadiri ambayo jicho haliwezi kuona, na kama mpira wa manati, inataka kurudi katika urefu wake. Mvuto huo wa kutaka kurudi ndio unaoibana rimu dhidi ya kitovu cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita habu. Msuguano baina ya nyuso hizo mbili zilizobanwa ndio unaobeba kazi ya gari linapoenda, linapofunga breki na linapoingia shimoni. Bolti zikiwa zimevutwa ipasavyo, rimu haitelezi hata kidogo juu ya habu, na bolti hazipati shida.

Mvuto ukiwa mdogo, rimu huanza kucheza. Tairi la gari dogo huzunguka mara 500 hivi katika kila kilomita. Kutoka Kitui hadi Nairobi ni karibu kilomita 170, yaani mizunguko zaidi ya 80,000, na katika kila mzunguko bolti iliyolegea inapinda kidogo huku na kidogo kule. Mtoto yeyote aliyewahi kukata waya bila koleo anajua mwisho wa mchezo huo. Mvuto ukizidi nao, bolti hupita kikomo chake, na kama mpira wa manati uliovutwa na mtu mzima mwenye hasira, hairudi tena. Inabaki imenyooka, imechoka, na haitegemeki tena kubana inavyopaswa. Anayeiangalia kwa nje haoni tofauti.

Kwa hiyo kuna kipimo cha kati, na kipimo hicho kina jina. Mimi naandika torki, nomino ya ngeli ya I-ZI, torki hii, torki hizi. Wapo wenzangu wanaopendelea maneno marefu kama "nguvu ya kusokota", na hoja yao naielewa, ila naona neno la karakana linapaswa kuwa fupi, la kuweza kusemwa na mtu aliyeinama chini ya gari. Tumechukua parafujo kutoka kwa Wareno, gari kutoka Kihindi, spana, nati na bolti kutoka kwa Waingereza, na lugha haikudhurika. Torki nayo itakaa.

Torki ni nguvu unayoitia kwenye ncha ya spana ikizidishwa kwa urefu wa spana hiyo. Hupimwa kwa nyutoni-mita. Kitabu cha Toyota Corolla, kwa mfano, hutaka nyutoni-mita 103 kwa kila nati. Magari ya Volkswagen, ambayo hayana nati bali bolti zinazoingia moja kwa moja kwenye habu, mengi yake hutaka 120. Namba hizi zimo katika kitabu cha mwenye gari, kile ambacho kwa magari yanayotoka Japani mara nyingi kimeandikwa Kijapani na kutupwa nyuma ya kiti. Itafute namba ya gari lako mara moja tu, iandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha buti.

Tuifanyie hesabu, maana hesabu hii inaeleza kisa chote. Spana ya kawaida inayokuja na gari ina urefu wa sentimita 35 hivi. Ili upate nyutoni-mita 103, unahitaji kuisukuma ncha yake kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 30. Mtu mzima anaweza hivyo kwa mikono, akijitahidi kiasi. Sasa fundi wetu wa kilo 70 anapanda juu ya spana na kusimama. Hapo ametia nyutoni-mita 240, zaidi ya mara mbili ya kinachotakiwa. Akichukua bomba la mita moja, akalichomeka kwenye spana na kuning'inia mwishoni, anakaribia 690. Hiyo ni torki ya gurudumu la lori, ameipa Corolla. Na akirukaruka juu yake, kama nilivyowaona wakifanya, hakuna namba tena ya kutaja.

Mwenye gari naye hufurahi akiona hivyo! "Huyu amekaza ndi," anasema. Neno hili ndi ni zuri, ni kiigizi cha kitu kilichoshikwa imara, lakini halina namba ndani yake.

Sasa tufike kwenye mafuta, ambako ndiko kuna ubishi mkubwa zaidi.

Sehemu za Kitui na Makueni zina vumbi kwa miezi mingi, kisha mvua inakuja kwa fujo. Anayetumia barabara ya changarawe kutoka Mutomo kuelekea ndani, au anayevuka mikondo ya mchanga kufikia shamba, anazijua nati zilizoshikwa na kutu mpaka zinalia zikifunguliwa. Fundi mwenye busara yake, ambaye ameteseka kuzifungua, huchovya kidole kwenye mkebe wa grisi na kuipaka bolti kabla ya kurudisha nati. Anafikiri anamsaidia fundi wa kesho. Nia ni njema kabisa, na sababu yake inaeleweka.

Tatizo liko kwenye msuguano. Katika kila sehemu 100 za torki unayotia kwenye nati kavu, karibu 50 humalizwa na msuguano wa uso wa nati dhidi ya rimu. Karibu 40 nyingine humalizwa ndani ya hesi, yaani ile mistari ya mzunguko ambayo mafundi wengi huiita thredi. Zinazobaki kuivuta bolti ni kama 10 tu. Nguvu nyingi unayotumia, kwa maneno mengine, inaishia kupigana na msuguano. Waliotengeneza gari walilijua hilo, na namba 103 waliiweka wakiwa wamekwisha kuhesabu hasara hiyo.

Paka grisi sasa. Tuseme msuguano umekula sehemu 85 badala ya 90. Umepungua kidogo, sivyo? Lakini kilichobaki kwa ajili ya bolti kimetoka 10 hadi 15, yaani kimeongezeka kwa nusu nzima. Spana inasema 103 ileile, mkono unahisi uleule, na bolti inavutwa mara moja na nusu. Kwa bolti ya milimita 12 iliyo kavu, makadirio ya wahandisi kwa torki hiyo huipa mvuto wa karibu tani 4 na nusu. Kwa bolti ileile iliyolainishwa, makadirio yanafika karibu tani 6, na yanaweza kuzidi kutegemea aina ya mafuta. Sasa mweke fundi wetu juu ya spana ile, ambaye tayari ametia zaidi ya mara mbili, na umwongezee grisi.

Ndiyo maana vitabu vya Toyota vinakataza wazi kutia mafuta au grisi kwenye bolti na nati za magurudumu, kwa sababu hizo mbili: nati hukazwa kupita kiasi ikaharibu bolti au rimu, na pia inaweza kulegea na gurudumu likatoka. Huo ndio msimamo wa watengenezaji wengi wa magari madogo. Bolti ziwe safi na kavu.

Lakini usiende kwa dereva wa lori ukamfokea. Malori mengi ya leo, yale ambayo rimu yake hukaa juu ya kitovu chenyewe na nati zake ni bapa zenye washa inayozunguka, hutakiwa kutiwa mafuta. Maelekezo ya kawaida ni matone mawili ya oili ya injini kwenye hesi za mwisho za bolti, na tone moja baina ya nati na washa yake, kisha torki ya nyutoni-mita 600 na zaidi, kulingana na kitabu cha lori lenyewe. Hapa mafuta yamo ndani ya hesabu. Bila matone hayo, nati inakuwa kavu mno, torki inaliwa na kutu, na bolti haivutwi vya kutosha. Malori ya aina ya zamani, yenye nati ambazo uso wake ni wa mviringo kama nusu ya mpira, kwa kawaida hufungwa makavu.

Hivyo swali la "je, nipake mafuta?" halina jibu moja, na anayekupa jibu moja kwa magari yote hajui anachosema. Mafuta ni sehemu ya kipimo. Namba ya torki na hali ya bolti, kavu au yenye mafuta, ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili.

Na hapa tena lugha inatuangusha kidogo, ingawa ina utajiri wa kutosha kutuokoa. Kudondosha si kupaka, na kupaka si kusiliba. Maelekezo ya lori yanasema dondosha. Fundi anasikia paka. Utingo aliyetumwa na fundi anasiliba, mpaka grisi inatoka kando ya nati na kuingia baina ya rimu na habu, pale hasa ambapo tunategemea msuguano. Vitenzi vitatu, viwango vitatu, na tunavyo tayari katika Kiswahili bila kukopa popote.

Nati zilizoshika kutu basi tuzifanyeje kwenye gari dogo? Tia mafuta ya kupenya kutu wakati wa kufungua, hakuna ubaya. Zikishafunguka, piga mswaki wa waya kwenye hesi, futa, osha mafuta yaliyobaki, acha zikauke. Nati ambayo haiwezi kuzungushwa kwa vidole hadi karibu na rimu ina hesi zilizoharibika, na dawa yake ni kuibadilisha, pamoja na bolti yake kama nayo imekwisha. Kama rimu ndiyo hung'ang'ania kwenye habu, paka grisi nyembamba kwenye duara la katikati tu, pale tundu kubwa la rimu linapokaa. Usiguse uso bapa wala bolti.

Uso huo bapa unataka neno lake. Rangi mpya, kutu inayobanduka, tope lililokauka, hata jani, vyote hukaa katikati ya rimu na habu kama godoro. Ukikaza, torki inafika vizuri. Baada ya kilomita chache za barabara yenye mawimbi, godoro limesagika, pengo limepatikana, na mvuto wa bolti umepungua bila nati kuzunguka hata nyuzi moja. Wanaopaka rimu rangi ya fedha ili gari lionekane jipya wangefanya vyema kuacha uso wa ndani bila rangi.

Kuhusu mpangilio wa kukaza, wengi wanajua: si kwa kuzunguka duara bali kwa kuvuka, nati hii kisha ile ya upande wa pili, kama anayechora nyota. Kwanza zote kwa vidole, halafu nusu ya torki gurudumu likiwa juu, halafu torki kamili tairi likiwa limegusa ardhi ili lisizunguke. Zile mashine za upepo zinazofungua nati kwa kelele zifungue tu. Kukaza kwa mwisho kuachiwe spana ya torki, ambayo ukiiwekea namba yako hutoa mlio na kulegea mkononi ikifika. Ikishalia, acha. Wapo wanaoivuta mara ya pili na ya tatu "kuhakikisha", na kila mvuto unaongeza.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni umbo la mdomo wa nati. Nati nyingi za Toyota zina mdomo wa pembe kama koni. Za Honda nyingi zina mdomo wa mviringo. Baadhi ya rimu za aluminiamu za Toyota hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Hesi zake zinaweza kuwa sawa kabisa, nati ikaingia bila shida, na torki ikafika. Lakini koni iliyokalia kiti cha mviringo hugusa rimu kwenye mstari mwembamba tu, ule mstari husagika, na nati hulegea. Aliyenunua rimu za mtumba asinunue bila nati zake.

Nimesema mara kadhaa kwamba bolti ina mvuto. Neno ambalo ningependa liingie karakana kwa ajili ya hali hiyo ni mkazo. Wanaisimu tumelishikilia kwa miaka mingi kueleza nguvu ya sauti kwenye silabi, na mfano wetu wa darasani ni uleule: weka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, barabara ni njia ya magari, usogeze nyuma silabi moja, barabara ni sawasawa, ipasavyo. Herufi zilezile, mkazo umebadilika, maana imebadilika. Hatuwezi kuwanyima mafundi neno hili. Torki iwe kile unachokitia kwa mkono, mkazo uwe kile kinachobaki ndani ya bolti. Mkiyatenganisha maneno haya mawili, utaweza kumweleza mtu kwa sentensi moja kwa nini grisi ni hatari: torki ni ileile, mkazo umezidi.

Na mkazo hupungua. Gurudumu lolote lililotolewa na kurudishwa linapaswa kupimwa tena baada ya kilomita 80 hadi 100. Aliyebadilisha tairi Emali akielekea Pwani asimame kabla au punde baada ya kufika Mtito Andei, aache rimu zipoe, apite na spana nati moja moja. Nati ikizunguka kabla ya kufika torki yake, ilikuwa imelegea. Zote zikilegea, usikaze tu na kuondoka. Toa gurudumu uangalie kuna nini katikati. Alama nyingine ni michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati kama miale ya jua, au mlio wa ta-ta-ta gari likienda polepole.

Nimalizie na wenye malori ya zamani ya Kijapani, ya mchanga na ya ndengu, ambayo bado yanafanya kazi kubwa huku kwetu. Mengi yao yana hesi za kawaida upande wa kulia na hesi za kinyume upande wa kushoto, na bolti zimepigwa chapa R na L kwenye ncha. Kumwambia kijana "zungusha kushoto" hapo ni kumpoteza, kwa sababu kushoto kwa juu ya nati ni kulia kwa chini yake. Mwambie "kufuata saa" au "kinyume cha saa". Nati za L hufunguliwa kwa kufuata saa. Anayezilazimisha kwa mazoea anazikaza hadi bolti ikatike. Na kwenye magurudumu pacha ya nyuma ya malori hayo kuna nati mbili kwa kila bolti, ya ndani inayoshika tairi la ndani na ya nje inayoshika la nje. Ukipima ya nje peke yake hujaijua ya ndani. Legeza ya nje, kaza ya ndani kwa torki yake, kisha urudi ukaze ya nje, na ufanye hivyo bolti moja baada ya nyingine, usizilegeze zote kwa pamoja.